Mablanketi Yasiyo na Harufu

Shirika la ndege lilikuwa limechoka kujifulia. Likaamua kazi ya kufua mablanketi ya abiria wapewe watu wa nje, na Naima wa Gongo la Mboto, mwenye mashine tatu na kamba za kuanikia uwanja mzima, akapewa sitini ya majaribio. Akifaulu, mkataba wa miaka miwili ni wake. Sharti kubwa lilikuwa moja: blanketi lirudi bila harufu yoyote, mbaya wala nzuri. Mashirika nayo yana mambo!

Naima alifua, akaanika, akakunja, kisha akatoka kununua mifuko ya kufungia. Kosa lake ni kumwachia nyumba shangazi yake, Bi Somoe, mtu wa Lindi, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumpa mgeni shuka bila kulifukiza udi. Aliporudi, moshi ulimpokea mlangoni.

"Shangazi! Umefanya nini?"

"Nimekusaidia, mwanangu. Nimefukiza hamsini, udi ukaniishia."

Naima alikaa chini akalia. Muda wa kufua tena haukuwepo. Jesca, mkaguzi wa shirika, alikuwa anapiga hodi.

Naima hakumficha kitu. Jesca alinusa blanketi la kwanza, akayasukuma yote hamsini kando.

"Kuna abiria wana pumu, dada. Haya siyapokei. Nioneshe hayo kumi."

Aliyanusa moja moja, akaridhika. Roho ya Naima ikaanza kurudi. Ndipo Bi Somoe, ambaye hakuna aliyemwita, akaokota la nne, akalipeleka puani.

"Hili lina sabuni bado."

"Shangazi, tafadhali!"

"Nasema lina sabuni. Litamwasha mtu."

Jesca alinusa tena, hakusikia kitu. Akaomba beseni la maji, akatumbukiza blanketi, akalikamua. Povu likatoka. Naima alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jesca akaangua kicheko.

"Nimezunguka kwa madobi saba wiki hii, wote wananificha makosa. Nyie ndio wa kwanza kujikatalia mzigo wenu. Fueni upya yote, Ijumaa mje kusaini mkataba. Na wewe mama, shikamoo tena, utakubali kunusa kila blanketi kabla halijatoka hapa?"

"Marahaba. Nakubali," alisema Bi Somoe, akijifunga kanga upya. "Ila na wewe, mwanangu, hiyo pua kapime hospitali."

Naima, machozi hayajamkauka, akapiga kigelegele kilichowatoa majirani ndani.