Birika la Waqar

Wakili wangu ndiye aliyejaza fomu ya usajili, lakini sahihi ni yangu. Niliapa kwamba umbo la birika lile la kunawia mikono, lenye mkono uliopinda kama shingo ya korongo, ni jipya, nimelibuni mwenyewe, na halijawahi kuonekana popote. Cheti kilipofika nikakitundika karakanani, hapa mjini Moradabad, mafundi wote wakione.

Miezi minne baadaye nikasikia Ishrat anauza mabirika yale yale. Ishrat ni mjane wa Waqar, fundi aliyenifundisha kuyeyusha shaba, nami nilizoea kumwita shemeji. Nikamwandikia kupitia wakili: aache mara moja. Wanunuzi wakaogopa, wakamrudishia mzigo.

Hakuja kugombana. Aliomba cheti changu kifutwe, tukaitwa Kolkata, kwenye ofisi ya usajili.

Msikilizaji wa shauri alikuwa mama mmoja mwenye miwani minene. Ishrat akafungua kitambaa, akaweka picha mezani.

"Hii ni harusi ya Sabiha, binti yake huyu bwana," alisema. "Miaka kumi na minne iliyopita. Birika hilo marehemu mume wangu alilitengeneza kwa mkono wake, akampa bibi harusi zawadi."

"Na huyu anayemnawisha bwana harusi?"

"Si huyo hapo? Muulize mwenyewe."

Yule mama akanigeukia. "Wageni walikuwa wangapi?"

"Kama mia tatu hivi," nikajibu.

Wakili akaniinamia sikioni. "Sema picha ina ukungu. Sema mkono wa lile ulikuwa mnene zaidi. Tofauti ndogo tu inatutosha."

Picha ilikuwa na ukungu kweli. Ningeweza. Lakini nilimwona Waqar pale pichani, nyuma yangu, kashika taulo, anacheka, maana nilikuwa nimemlowesha mkwe wangu viatu. Sikuwa nimesahau. Nilijisahaulisha.

"Ni lenyewe," nikasema. "La Waqar. Mimi nililipunguza tumbo tu."

Cheti kikafutwa siku ileile.

Nje, Ishrat alikuwa ananunua chai. Nikamfuata. "Shemeji, nisamehe."

"Usiniite shemeji."

"Basi umbo limerudi kwako."

"Limerudi wapi?" Aliniangalia kama mtu anayemtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Hukumsikia yule mama? Lilishaonekana hadharani miaka yote hiyo, halisajiliki tena, si kwa jina lako wala kwa jina langu. Kesho mtaa mzima utalitengeneza. Ungekuja mlangoni ukaniambia, 'Ishrat, nipe umbo la mumeo nilifanyie kazi,' ningekunyima? Tahseen, ningekunyima?"

Akamaliza chai yake, akaenda stesheni kutafuta behewa la wanawake.

Alisema kweli. Haikufika Idi, karakana tisa zilikuwa zinalitoa, mabirika mengine mepesi kama bati. Mafundi wangu hawakuniuliza kitu. Waliinamia kazi zao tu kila nilipoingia, na hilo lilinichoma kuliko matusi.

Siku chache tu baada ya shauri, Sabiha alipopiga simu kuuliza limeishaje, nilimwambia mtandao ni mbaya, nikakata. Kisha nikampigia tena, nikamweleza yote. Akauliza tu kama shangazi Ishrat alifika salama nyumbani. Nikalazimika kumwambia sijui.