Waliotajwa Katika Wimbo wa Punda

Ijumaa saa tatu asubuhi Ndunge alifagia studio yake iliyo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi hapo Emali, akapanga maikrofoni saba, kisha akatoa sanduku la slipa na kuliweka kando ya mlango. Ndani mlikuwa na slipa jozi kumi na moja, leso nne, na suruali moja pana ya kiume yenye lastiki kiunoni. Suruali aliinunua mwaka jana, baada ya mwalimu mkuu mmoja kutajwa akiwa bafuni.

Studio hiyo zamani ilikuwa ghala la nafaka. Ukutani Ndunge ametundika magunia ya katani, ambayo hula mwangwi vizuri kuliko sponji za kununua, na mpaka leo ukipiga ngoma kwa nguvu vumbi la mahindi hushuka kutoka darini. Bendi zinazozunguka bila kampuni wala meneja, zikitoka Nairobi kwenda Pwani au Kitui kwenda Loitokitok, husimama kwake na kupiga nyimbo laivu, wote pamoja, chumba kimoja, bila kukatiza. Ndunge hurekodi sauti na picha na kuziweka kwenye chaneli yake ya mtandaoni. Akikosea mmoja wamekosea wote. Hiyo ndiyo raha ya kazi na hiyo ndiyo karaha yake.

Karaha nyingine ni majina. Aliyekulia Ukambani anajua kwamba katikati ya wimbo, mwimbaji akinyamaza na gitaa zikibaki zinaongea zenyewe, lazima ataje watu: rafiki zake, wazee wa kwao, aliyemwazima spika, fundi aliyemtengenezea gari. Kwingine mtu akitajwa hufurahi, yakaisha. Kwa Ndunge mtu akitajwa hufika. Yuko mjini Wote anakata nyasi, jina linatamkwa Emali, na kabla gitaa la pili halijajibu amesimama mbele ya kamera na panga lake mkononi. Ukirekodi kila chombo peke yake hakuna anayekuja. Ni laivu tu. Waliokufa hawaji, na si kwamba hawajaitwa. Tena wimbo humleta mtu, haumrudishi. Kurudi ni shauri yake, au shauri ya Ndunge, ambaye kwa miaka sita amesindikiza stejini kupanda matatu watu waliovaa slipa zake, na slipa hazijawahi kurudi.

Mchungaji mmoja alikuja kukiombea chumba. Alikaa kutwa, hakuona pepo, akasema tu kwamba besi imezidi.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Bendi ya Nzeve, wanaume watano kutoka Kitui wanaoongozwa na Ndululu, mwimbaji na mpiga gitaa mwenye kofia na maneno mengi. Walikuwa wamelala Malili, mwendo mfupi tu, na bado walichelewa saa nzima. Wimbo uliokuwa unawazungusha nchi nzima ni ule wa punda anayekwenda mtoni bila mwenyewe na kurudi na maji ya jirani. Unapigwa arusini, unapigwa kwenye michango, na kuna karani wa mahakama aliyeuweka uite kwenye simu yake.

Wimbo ni wa Kalondu, anayeuza ndengu soko la Zombe. Aliutunga akimfuata punda wake mwenyewe, ubeti baada ya ubeti, msimu mzima wa kiangazi. Ndululu, ambaye hajawahi kufuga hata kuku, aliusikia alipokuwa amepanga chumba nyuma ya duka la Kalondu. Alipohama alihama nao. Ulipotoka kwa jina lake, Kalondu akaanza kuambiwa mambo. Akiuimba sokoni, wenzake humsifu kwamba anamwiga Ndululu vizuri sana. Kwaya ya kanisa lake ilimwomba, kwa heshima, aache kuleta nyimbo za watu. Ikafika mahali akaacha kuuimba hata akiwa na punda peke yao.

Kalondu hakutaka makubwa. Wiki nzima kabla ya siku hiyo alikuwa akimpigia Ndunge simu.

"Mwaitu, mwambie anitaje mara moja tu," alisema, yaani mama, kama Wakamba waitanavyo kwa heshima. "Nikifika hapo mbele ya kamera, watu wote wananiona, nitaimba ubeti wa mwisho mimi mwenyewe. Ndululu aliniahidi. Hiyo maneno itachukua dakika moja."

Ndunge naye alimwahidi, na hapo ndipo alipojitafutia maudhi.

Ndululu alikuja na majina yake kwenye daftari la shule. Yalikuwa kumi na tisa.

"Chumba kinaingiza watu kumi," Ndunge alimwambia. "Nakuomba. Taja sita tu."

"Madam, nikiacha hata mmoja nitaongea na nani huko nyumbani?"

"Kalondu yuko?"

"Yuko. Ndio huyo wa mwisho kabisa."

Ndunge alitazama. Kweli alikuwapo, chini ya ukurasa. Wengine wote waliandikwa kwa kalamu ya wino, yeye kwa penseli.

Saa nne wakaanza. Ndunge aliingia chumba chake cha mitambo nyuma ya kioo, akajifungia kwa ndani kama afanyavyo siku zote, maana wageni wakifika huwa wanashikashika vitu. Wimbo ulikwenda vizuri hadi kwenye majina. Wa kwanza alikuwa Hersi, mfanyabiashara wa mifugo hapo hapo Emali aliyewaazima lori. Alifika ameshika kamba, na mwisho wa kamba palikuwa na mbuzi. Akafuata Muli, shemasi mwenye kituo cha mafuta, aliyefika amefumba macho. Alimaliza sala yake, akasema amina, ndipo akatazama alipo. Daktari wa meno aitwaye Mutunga alifika na koleo na jino. Mgonjwa wake alibaki Wote, kwa kuwa hakutajwa. MCA, diwani wa wadi, alifika na watu watatu ambao hakuna aliyewataja, maana yeye haji mahali peke yake. Kwenye jina la kumi na nne MCA alirudi nyuma hatua moja ili kamera imwone vizuri, akapiga teke maikrofoni ya ngoma. Ndunge akasimamisha kila kitu.

Waliofika wakatolewa uani, wakapewa chai. Hersi alimfuata Ndunge na mbuzi wake.

"Dada, mimi niko katikati ya biashara. Soko linaisha hivi."

"Pole, Hersi. Ongea na Ndululu."

"Huyo nilimpa lori," Hersi alisema. "Sikumpa mimi mwenyewe."

Ndunge aliipokea kamba. Alimtafutia mbuzi kitu cha kula.

Mara ya pili majina yalikuwa yamefika ishirini na matatu. MCA alikuwa ameomba atajwe msaidizi wake, na mwenyekiti wa vijana, na mama mkwe wake, na mtu mwingine ambaye hakumweleza vizuri. Kila jipya liliandikwa juu ya Kalondu, naye akazidi kusukumwa chini mpaka akawa pembeni, karibu na waya wa daftari. Waliokuwa uani waliingia tena na vikombe vyao. Mama mkwe alifika na sufuria ya moto, hakuona pa kuiweka, akamkabidhi mkwewe. Kwenye jina la ishirini treni ya mizigo ikapita, ndefu, bila haraka, ikapiga honi mara mbili kwa sababu zake. Ndunge akasimamisha.

Simu ililia. Alikuwa Kalondu.

"Bado?"

"Bado, mwaitu. Ni treni."

"Nimevaa tangu saa moja. Kibeti kiko mapajani. Nimekataa kupimia watu ndengu, nisije nikafika huko nimeshika kilo ya mtu. Hapa wananiangalia tu."

"Subiri kidogo."

"Nasubiri. Si ndio kazi yangu leo."

Ndunge alimvuta Ndululu nyuma ya tangi la maji. Alikuwa amechoka, tena alikuwa amechoka kuchoka, na alimwuliza bila kuzunguka kama atamtaja Kalondu au hatamtaja.

"Mimi sina ubaya na yeye," Ndululu alisema. "Krismasi nilimtumia unga. Lakini fikiria, Madam. Hersi akitokea, watu wanajua ni Hersi. Mheshimiwa akitokea, wanamjua. Sasa huyo mama akitokea pale mbele aanze kuimba, wataniuliza huyu ni nani."

"Utawaambia."

"Si ndio shida yenyewe."

"Ulimwahidi."

"Na nitamtaja. Mimi sijakataa." Alisema hivyo kwa upole wa mtu ambaye hajawahi kukataa kitu maishani mwake.

Mara ya tatu Ndunge alijua kuanzia pigo la kwanza kwamba ndiyo hii. Besi ilikaa chini ilipotakiwa kukaa, gitaa mbili zikafuatana bila kukanyagana, na punda wa watu akatembea ndani ya chumba kile mpaka hata MCA huko uani akatulia. Majina yakaanza. Walioitwa waliingia mmoja mmoja kutoka uani, wamezoea sasa, wakasimama kwa mstari. Mbuzi alibaki nje. Ishirini, ishirini na moja, ishirini na mbili. Yakabaki mapigo manne kabla ya ubeti wa mwisho, na pale ndipo palipokuwa na nafasi ya Kalondu, si kubwa, inatosha jina moja na kijiji chake.

Ndunge alinyanyua nakala yake ya orodha akaibandika kwenye kioo, na kidole chake kikaonyesha jina la chini. Mkono wa pili ulikuwa kwenye kitufe. Alikuwa ameamua. Ndululu asipomtaja Kalondu, atasimamisha, na watarudia mpaka jioni, na MCA anywe chai mpaka apasuke.

Ndululu alikiona kidole. Alikiona na kitufe. Akatabasamu, akaisogelea maikrofoni.

"Na prodyusa wetu, Ndunge wa Emali!"

Ndunge akawa mbele ya kamera. Hedifoni zilikuwa kichwani bado, waya umening'inia, kidole kimenyooka kwenye hewa. Kitufe kilikuwa upande wa pili wa kioo, nyuma ya mlango alioufunga mwenyewe kwa ndani. Alilisema jina la Kalondu kwa sauti, mara mbili. Hakuna aliyefika, kwani jina humleta mtu likitoka kinywani mwa anayeimba. Waliosimama karibu walidhani anashangilia, nao wakashangilia. Ndululu akauimba ubeti wa mwisho, akaumaliza vizuri, na wimbo ukaisha.

"Tunarudia," Ndunge alisema.

Hakuna aliyebishana naye. Walikuwa tayari wanakunja waya. Walisubiriwa Voi saa kumi na mbili.

"Kama hujaipenda, Madam, futa," Ndululu alisema. "Ni mashine yako."

Ilibidi Ndunge apite dirishani kuingia chumbani mwake. Alisikiliza yote tangu mwanzo, anatafuta kosa. Alilitafuta kwa hasira, akaongeza sauti, akalitafuta tena. Hata moja hakulipata. Kwa miaka sita hakuwahi kurekodi kitu kizuri hivyo, na mkono wake uliokuwa na ujasiri wa kusimamisha chumba kizima haukuwa na ujasiri wa kufuta. Alijichukia kwa hilo, na hakufuta.

Kisha akampigia Kalondu.

"Amemaliza?" Kalondu aliuliza.

"Amemaliza."

"Wa mwisho alikuwa nani?"

"Mimi."

Nyuma ya Kalondu soko la Zombe lilisikika, na mtu anayeuliza bei ya kunde.

"Lakini wewe si ulikuwa hapo tayari?"

"Nilikuwa hapo, mwaitu."

"Haya."

"Njoo Jumatatu," Ndunge alisema. "Nitakurekodi wewe peke yako, uimbe wote, kuanzia mwanzo. Nitakutafutia mpiga gitaa. Gari kutoka Zombe mpaka hapa ni juu yangu."

"Kwa gari anakuja mtu yeyote," Kalondu alisema. Halafu akaomba radhi, kuna mama alikuwa anangoja kilo mbili za ndengu tangu asubuhi.

Jumamosi Ndunge alijaribu kuliondoa jina lake kwenye wimbo. Pale palipokuwa na jina pakabaki shimo, na wimbo ukachechemea kuanzia hapo hadi mwisho, basi akalirudisha. Akaiweka video mtandaoni. Chini yake aliandika kwa herufi kubwa kwamba mtunzi wa wimbo huu ni Kalondu wa Zombe, akasoma alichoandika mara tatu kuhakikisha kiko wazi. Ndululu alimpigia simu mara saba na Ndunge hakushika.

Kufikia jioni watu elfu nne walikuwa wameitazama. Walimpongeza Ndululu kwa wimbo wake, wakamsalimia MCA, wakauliza sufuria ilikuwa na nini. Kuhusu huyo Kalondu aliyeandikwa hapo chini walibishana kidogo, kisha wakakubaliana kwamba lazima ni yule mwanamke mwenye hedifoni anayetokea mwishoni, ananyoosha kidole na kulitamka jina hilo mara mbili. Ndunge aliwajibu mmoja mmoja kwamba siye. Wakamwambia asiwe mnyenyekevu hivyo. Kufikia Jumapili hata Zombe walikuwa wanasema hivyo.