Fundi Pua na Mtungi wa Mama Pacha

Mjomba wangu alikuwa hapimi gesi kwa povu. Mafundi wengine wote wa mtaa wetu, hawa wanaobadilisha magari ya petroli yatumie gesi, wakimaliza kufunga mabomba wanakoroga sabuni kwenye kopo na kupaka kila maungio. Povu likivimba, gesi inavuja. Kazi ndogo tu. Mjomba aliiona ni kazi ya kufua soksi. Yeye alikuwa anainama, anapitisha pua juu ya kila nati taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo, halafu ananyanyuka na neno moja. "Safi." Au, "Kaza hii." Hakuwahi kukosea. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Fundi Pua, na wateja walikuwa wanaipita gereji ya jirani yenye sakafu ya vigae, wanakuja kwetu kwenye mabati.

Mimi nilitua kwake baada ya kuacha shule. Sikufukuzwa, niliacha. Dawati lilikuwa linaniwasha. Mama akasema, "Nenda kwa mjomba wako, labda spana itakutuliza." Ikanituliza mikono. Mdomo, wapi. Nikiona kitu nasema, na kuna wateja walishaondoka wamenuna kwa sababu niliwaeleza magari yao yalivyo.

Ile pua ilinitesa. Navuta sigara nyuma ya choo, narudi kimyakimya, mjomba yuko chini ya gari, inaonekana miguu tu, nasikia, "Rudi ukanawe mdomo." Nikajaribu pipi za mnanaa. "Sasa unanuka sigara na mnanaa," akasema. "Umezidisha."

Halafu ikampata homa moja mbaya. Alilala wiki nzima, akarudi shingo imekonda. Tangu arudi hakunikamata tena hata siku moja. Mimi nikafurahi, eti pipi zimeanza kufanya kazi. Mjinga kabisa.

Akili ilinijia siku ya gari la Mama Pacha.

Asubuhi ile kitambaa cha kufutia grisi kilidondoka kwenye jiko la umeme tunalochemshia maji ya chai. Mimi nilikuwa getini. Harufu ya kuungua ikanifikia hukohuko, nikakimbia ndani. Nakuta moshi unapanda nyuma ya kiti cha mjomba, na mwenyewe amekaa palepale na kikombe chake, anapuliza chai.

"Mjomba, husikii?"

"Nisikie nini?"

Nikakinyakua kile kitambaa kwa koleo. Akakitazama. Akanitazama mimi.

"Nilikuwa na mawazo," akasema, akatoka nje na chai yake.

Nilikuwa na maneno mengi mdomoni. Sijui kwa nini niliyameza.

Mchana akaja Mama Pacha kuchukua gari. Ni dereva teksi, mwanamke wa maneno, akicheka anasikika mpaka barabarani. Petroli ilikuwa inamla, ndiyo maana alituletea gari tulifungie gesi. Alikuja na wanawe pacha, wametoka shule, na kabla hajamaliza kusalimia walishajirusha kiti cha nyuma wanagombania dirisha.

"Fundi, mmenirudishia gari au mmenipa jiko?"

"Gari, mama. Utasahau njia ya kituo cha petroli."

"Niisahau? Yule kijana wa pampu atalia. Nusu ya mshahara wake mimi ndiye niliyekuwa namlipa!"

Mtungi wa gesi unakaa kwenye buti, yaani nyuma ya kiti kilekile walichokaa wale watoto. Nikafungua buti, nikashikilia mlango wake. Mjomba akainama, akapitisha pua kwenye bomba, kwenye valvu, kwenye nati ya mwisho. Hakuharakisha hata kidogo. Akanyanyuka.

"Safi."

Na mimi nilikuwa nimesimama juu yake, na harufu ilikuwa imeshaniingia. Ile ya yai viza, ambayo gesi inawekewa makusudi ili mtu aishtukie. Haikuwa kali. Lakini ilikuwepo, na mjomba alikuwa ametoka kuweka pua palepale.

Pale ndipo moshi wa asubuhi na sigara zangu zote vilipokutana kichwani.

Nikisema, nimemmaliza mjomba mbele ya mtu ambaye kila abiria wake atapata habari. Nikinyamaza, wale kule nyuma wanaenda nyumbani wamekalia gesi.

"Mjomba, nipake povu kidogo?"

"Povu la nini? Gari siyo sahani."

Mama Pacha akacheka. "Mwache apake, labda atanioshea na matairi."

"Inanuka," nikasema. "Mjomba, gesi inanuka. Hapohapo ulipoweka pua."

Kicheko kikakatika.

"Leo unanifundisha kazi?" Sauti ilikuwa ya ukali. Macho hapana. Macho yalikuwa yananiomba.

Nikakosa pa kutazama. Kutoka kiti cha nyuma pacha mmoja akapaza sauti, "Mama, huku kunanuka mayai!" Mwenzake akamwambia, "Ni wewe," wakaanza kupigana.

Mjomba akaacha kubisha.

"Shuka na watoto, mama," akasema. Kisha akanigeukia. "Lete povu."

Nikapaka. Nati ya mwisho ikatoa puto moja, likavimba mpaka likawa kama gololi, likapasuka, likaja jingine. Tulikuwa tunatazama wote. Mjomba akafunga valvu ya mtungi kwa mkono wake mwenyewe, halafu akakaa juu ya tairi kuukuu.

"Tangu lini, fundi?" Mama Pacha akauliza. Taratibu, siyo ile sauti yake.

"Tangu homa." Alikuwa anazungumza na viatu vyake. "Kila asubuhi nafungua dumu la petroli, naweka pua. Najiambia leo itarudi. Ni kama nanusa maji. Sasa Fundi Pua asiye na pua, nani atamletea gari?"

"Na gesi ingeshika moto, hawa wanangu ningewapata wapi?"

Pacha walikuwa wamemshika mama yao sketi, kila mmoja na upande wake. Nilingoja matusi, na mjomba angeyastahili. Mama Pacha akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Kaza hiyo nati," akasema. "Nasubiri."

Mjomba akaikaza, akafungua valvu. Tukapaka povu tena, likatulia. Mama Pacha akalazimisha ninuse na mimi. Akanusa mwenyewe. Alipoondoka hakusema atarudi wala hatarudi.

Mjomba akatoa simu na kuanza kuwapigia wote waliofungiwa gesi tangu homa ile. "Endesha kwa petroli, gesi usiiguse, niletee gari. Hapana, sitakudai hela. Nilipima vibaya." Kila mmoja alimwambia hivyohivyo, nilipima vibaya. Nilidhani atazoea kusema hivyo. Hakuzoea.

Magari yakaja. Moja lilikuwa linavuja. Wateja wengine walikaguliwa magari wakashukuru, wengine tumewaona kwenye gereji ya vigae. Na Mama Pacha alituletea dereva mwenzake. Akamwelekeza kwa kidole, "Mzee anafunga, kijana ananusa, povu linaamua. Umbishie nani sasa?"

Siku hizi kopo la povu linakorogwa na mjomba mwenyewe. Bado anainama kwanza, mazoea hayo, halafu anakumbuka, ananipisha.

Juzi nilikuwa nimetoka nyuma ya choo, nimeinamia bomba, akaniuliza, "Sigara umeacha?"

Angejuaje? Ningeweza kusema chochote. Lakini ndiye huyohuyo ninayemwambia "safi" na yeye anafunga buti.

"Sijaacha, mjomba."

"Najua."

"Umejuaje? Imerudi?"

"Irudi wapi." Akapaka povu kwenye nati, akalitazama likitulia. "Hiyo pipi inavyogonga meno, mlio unafika mpaka huku. Nenda ukanawe mdomo."