Jedwali Lililobaki Nyuma

Wauguzi walimwita Mama Nakala, kwa kuwa hakuamini kitu mpaka awe nacho mara mbili. Ndiye aliyetunza hifadhidata ya hospitali, na asubuhi hiyo alikuwa amehamisha kila kitu kutoka seva kuukuu kwenda mpya. Wagonjwa walifika, vipimo vikafika, na wadi ya watoto ilikuwa ikiitumia tangu saa nne. Kichwa kilimvimba kidogo, tusimlaumu.

Saa sita mfamasia mkuu akapiga simu. Mzee huyu hakuiamini hata saa ya ukutani.

"Binti yangu, hebu mwandikie mtoto mchanga dozi ya mtu mzima. Tuone."

Akaandika. Mashine ikajibu: Imekubaliwa.

"Imekataa?" mzee akauliza.

Mama Nakala alifungua jedwali la maonyo ya dozi, akalikuta tupu. Mistari mia nne na kumi na miwili, kila mmoja umeandikwa baada ya mtoto fulani kuponea chupuchupu, haikuwapo hata mmoja.

Kilichomuuma ni kwamba alijua. Maonyo yale yalikaa ndani ya kiendelezi, kile kiprogramu cha ziada walichokichomeka kwenye hifadhidata ili kikague dozi. Nakala ya akiba, aliyoitumia kuhamisha, haibebi vilivyomo ndani ya kiendelezi. Inaandika jina lake tu, kwamba kikaitwe huko iendako. Ni kama kumwita fundi cherehani wako wa siku zote, naye akaja bila daftari la vipimo vyako. Ilitakiwa amri ya mstari mmoja tu kusema jedwali hili ni letu, libebwe. Miaka sita alikuwa akisema ataiandika kesho.

Alishuka ngazi mbilimbili hadi chumba cha mashine.

"Shemeji! Usifute!"

Fundi mitambo, mume wa dada yake, alikuwa ameagizwa kuifuta seva kuukuu saa tano. Alikuwa bado anatafuta bisibisi.

"Shemeji, nisamehe, nimechelewa kidogo..."

"Leo uvivu wako ubarikiwe!"

Akalichukua jedwali, akalipeleka kwenye seva mpya, kisha akazipitisha upya dozi zote za asubuhi. Thelathini na moja zikapita. Moja ikakataliwa: kitanda cha tisa, dawa ya maumivu, mara kumi ya inayostahili. Mtu alikosea nukta, na mashine ikanyamaza.

Akapiga simu wadini. "Kitanda cha tisa ameshapewa?"

"Nusu saa iliyopita," muuguzi akasema. "Amelala vizuri."

"Huo si usingizi! Mwamshe!"

Simu ikaachwa mezani. Alisikia viatu vikikimbia, halafu sauti ya daktari ikiagiza dawa ya kuizima ile ya kwanza. Alihesabu pumzi zake mwenyewe, hadi mtoto akalia, kilio chembamba cha hasira.

Alipanda wadini mwenyewe. Mama wa mtoto, aliyekwisha kuambiwa ni nani aliyepiga simu, alimkamata mikono yote miwili akaibusu.

"Umeniokolea mwanangu, dada. Mungu akulipe."

Muuguzi alitazama pembeni. Ingemtosha Mama Nakala kuitikia amina na kuondoka.

"Mama," alisema, bila kuitoa mikono yake, "keti kwanza. Ni mimi niliyeiacha mashine bila macho."

Mama yule aliiachia mikono.