Mbili kwenye Kigeu cha Mwisho

Milunka na mumewe Ratko walikuwa wakikereza vyuma kwa mashine moja inayoongozwa na kompyuta, katika kiwanda mjini Užice, mke asubuhi, mume jioni. Walipishana mlangoni tu, kwa hiyo walizoea kuachiana habari kwenye kigeu cha mwisho, yaani kisanduku katika kumbukumbu ya mashine kinachoshika namba hata umeme ukizimwa. Moja ilimaanisha maharage yako jikoni. Tatu, mama yako kaja. Mbili ilimaanisha nimekosa, nisamehe, na hiyo Ratko hakuwahi kuiandika tangu waoane.

Wiki hiyo walikuwa wamenuniana. Asubuhi Milunka aliwasha mashine bila hata kukitupia jicho kisanduku. Ofisi ilikuwa imeleta programu mpya, na hakuna aliyemwambia kwamba inasoma kisanduku kilekile ili ijue chuma kipunguzwe kiasi gani. Shafti ya kwanza, yaani mhimili wa chuma, ikatoka nyembamba kwa milimita mbili nzima.

Msimamizi, Dragutin, alifungua kumbukumbu akang'aka. "Mpumbavu gani kaweka mbili humu?"

Milunka alisogea, akaitazama ile namba kwenye kioo cha mashine. Akaitazama tena.

"Mume wangu," alisema.

"Basi mwambie shafti nitamkata kwenye mshahara. Haya, ifute hiyo, weka sifuri."

Milunka alifunika vitufe kwa kiganja chake chenye mafuta.

"Siifuti ng'o! Wewe hamishia programu yako kisanduku kingine."