Mbao ya Mkorosho Iliyolazwa Matopeni

Mzazi mwenzangu, ikiwa mwanao ameingiwa na hamu ya kujitengenezea gitaa la umeme nyumbani, mwache akosee makosa yake mwenyewe. Usimwongezee na ya kwako. Mimi niliongeza, na hapa naeleza ilivyokuwa ili mwengine asirudie.

Binti yangu Fauzia ana miaka ishirini na mitatu, na hushona madera hapa kwetu Munje. Gitaa alifundishwa na Purity, mwenziwe wa shule, aliyekuwa akipiga kanisani. Purity akaolewa Taru, akaenda na gitaa lake, na Fauzia akabaki na vidole vyenye sugu na hana cha kupiga. Basi mwezi wa Januari akaja na habari. Bendi moja inayopiga mahotelini Diani ilikuwa ikitafuta mpiga gitaa, na kiongozi wao, Katana, alikuwa amewahi kumsikia.

"Amesema niende Jumamosi ya pili baada ya Idi, nikapimwe," akaniambia. "Lakini lazima niwe na gitaa langu mwenyewe. La kuazima hataki."

"Utalipata wapi?"

"Nitalitengeneza."

"Kwani wewe seremala?"

"Na cherehani nilizaliwa nikiijua, mama?"

Nyuma ya nyumba tulikuwa na mbao za mkorosho ulioangushwa na upepo mwaka uliopita. Akachagua moja nene, akakata karatasi ya boksi kama anavyokata ruwaza ya nguo, akaichora mbao kwa chaki yake ya kushonea. Ilipendeza. Lakini asubuhi ya pili nikaona chini ya ile mbao kumemwagika unga mwembamba wa manjano. Nikajua ni dudu. Mkorosho dudu huupenda sana.

Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Marehemu baba yangu alikuwa akiezeka nyumba. Boriti zake hazikuliwa na dudu, kwa sababu alikuwa akizilaza kwanza katika matope ya mikoko, pale pale wanawake wanapofukia makumbi ya nazi ili wapate nyuzi za kusokota kamba. Maji ya chumvi huingia ndani ya mti, na dudu akionja hukimbia. Nikamwambia Fauzia gitaa lake litaliwa lote kabla hajalipiga, na kwamba dawa yake naijua.

"Una hakika, mama?"

"Nyumba uliyozaliwa imesimama kwa boriti hizo."

Akaniamini. Tukaipeleka mbao matopeni, tukaikandamiza kwa mawe, ikakaa siku kumi na nne.

Katika siku hizo Fauzia akachonga shingo kwa mti mgumu aliopewa na mtengeneza vitanda, huo haukuwa na dudu. Shingoni hupigiliwa vyuma vyembamba, na mpigaji hubana nyuzi katikati ya chuma na chuma. Yeye akakata spoki za baiskeli, akachukua futi yake ya ushonaji, akazipanga zote kwa nafasi sawa, kama vifungo vya kanzu. Alipomaliza akaipeleka Ukunda kwa Sanga, fundi wa redio, aliyeahidi kumpa sumaku za gitaa bovu, zile zinazokamata sauti ya nyuzi na kuipeleka kwenye spika. Nilifuatana naye. Sanga aliitazama ile shingo akacheka mpaka akavua miwani.

"Fauzia, hii ni gitaa ama ngazi ya kupanda mnazi?"

"Ina kosa gani?"

"Nafasi hazifai kutoshana, msee. Ya kwanza ni kubwa, halafu zinapungua, zinapungua, mpaka kwa mwili zimebanana. Ukipiga hii, watu watadhani unafukuza kunguru."

"Ulijuaje wewe, na hujui kupiga?"

"Nimefungua mingi. Mimi huwa naona matumbo yao tu."

Akamwandikia vipimo kwenye kipande cha katoni. Fauzia akarudi nyumbani, akaitupa shingo ile jikoni ikawa kuni, akaanza nyengine. Hakulia. Kosa lilikuwa lake, akalishona upya, basi. Hilo ndilo nililokuwa sijalielewa.

Mbao ilipotoka matopeni nilikumbuka vizuri kazi iliyobaki. Baba alikuwa akiziacha boriti nje zinyeshewe masika nzima, mvua iitoe chumvi iliyozidi, halafu ndipo azianike. Lakini Idi ilikuwa karibu na masika ilikuwa bado. Nikateka ndoo kumi za maji ya kisima, nikaimwagia, nikasema yatosha. Fauzia sikumwambia kwamba nimefupisha. Jua la kaskazi likaikausha wiki tatu, ikawa nyepesi, na unga haukumwagika tena. Nikajiona nimefanya la maana.

Fauzia akaikata kufuata ule mchoro, akaifunga shingo ya pili, akaitoboa, akazitia sumaku za Sanga, akalehemu nyaya ndani, akafunika kwa kibati. Usiku wa kuamkia Idi aliliunganisha na spika ya jirani. Lilitoa sauti safi, na hata mimi niliyekuwa na shaka nilisimama mlangoni na mwiko mkononi. Tangu hapo akawa akifanya mazoezi kila siku baada ya laasiri.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi, siku mbili kabla ya kupimwa. Ijumaa nikaona mgongo wa gitaa una unyevu, kama mtu aliyetoka jasho. Nikaufuta kwa kitambaa. Nikadhani ni hewa.

Jumamosi nilikwenda naye Diani, kwa sababu nisingeweza kukaa nyumbani. Nikaketi kwenye benchi karibu na jikoni ya hoteli. Alikuwapo mwengine wa kupimwa, kijana wa Ukunda, ana gitaa la dukani linalong'aa.

Fauzia alianza vizuri. Katana alitikisa kichwa kwa kuridhika, mpiga ngoma akamkonyeza mwenziwe. Kisha spika ikaanza kukwaruza kama mtu anayekaanga samaki.

"Dada, gitaa lako lina mafua," Katana akasema.

Wakacheka. Fauzia akatikisa waya, akaligonga gitaa kwa kiganja. Sauti ikarudi kidogo, ikakwaruza, ikazimika kabisa.

Yule kijana, Mungu ambariki, akamwazima lake. Katana hakukataa. Lakini Fauzia alikuwa ameizoea shingo yake mwenyewe, na ya dukani ilikuwa ndefu zaidi. Vidole vilikuwa vikitua kabla ya mahali pake. Akapiga wimbo mmoja, akakosea mara nne, akalirudisha kwa mikono miwili na kusema ahsante.

"Kupiga unajua," Katana akamwambia. "Ila mimi Ijumaa ijayo nina wageni mia mbili, siwezi kungoja. Huyu nitamchukua. Msimu mzima."

Nyumbani akalilaza gitaa kwenye meza ya cherehani, akafungua kibati. Nyaya zilikuwa zimeota kijani, na skrubu zina kutu. Akapitisha kidole ndani ya mbao, akakitia ulimini.

"Mama, hii ni chumvi."

"Ndiyo."

"Babu akizitoa boriti matopeni, alizifanyaje?"

Ningeweza kusema nimesahau.

"Alikuwa akiziacha zinyeshewe masika nzima."

"Na wewe ulilijua hilo?"

"Nililijua. Nikaona ndoo kumi zitatosha. Nilikuwa na haraka kwa ajili yako."

Akaukwangua ule ukijani wa nyaya kwa ukucha.

"Na boriti hazina waya ndani," akasema.

"Hazina."

Hakunipigia kelele. Alirudisha skrubu moja moja, akalifunga gitaa ndani ya gunia, akaenda kutia udhu. Angenipigia kelele ningejua la kumjibu.

Basi, mzazi mwenzangu, mwanao akitengeneza kitu usichokijua, muulize kwanza kina nini ndani. Ukishindwa kuuliza, mletee chai uondoke. Ile shingo ya vifungo vya kanzu ilimchelewesha siku sita tu. Kosa langu lilimnyima msimu.

Anatengeneza jengine sasa. Hufanya kazi chumbani, mlango umerudishwa. Nikibisha huitika "labeka mama" kwa adabu ile ile ya siku zote. Juzi niliingia kuchukua pasi, nikaona mbao mpya imeegemezwa ukutani. Nilitaka kuuliza ni ya mti gani. Fauzia akainuka taratibu, akaifunika kwa leso, akaniuliza kama mchele nimeshaupepeta.