Rangi ya Kijani

Simu ililia saa mbili asubuhi, shuka likiwa nusu limenyooka. Mama Kidoti aliisimamisha pasi, akafuta jasho la mikono kwenye gauni, akaitoa simu mfukoni. Kwenye kioo kulikuwa na kikatuni cha mtoto anayecheka meno yote nje. *Ni saa ya kupima sukari. Leo mtoto wako ana ngapi?*

"Mume wako wa kwenye simu huyo anaita," alisema mwenzake wa meza ya pili, na chumba kizima cha dobi kikacheka ndani ya mvuke. "Afadhali yeye anauliza hali ya mtoto. Yule mwenye miguu aliuliza lini?"

Mama Kidoti alicheka nao. Kisha akawapa mgongo na kuandika saba.

*Hongera, mama! Mtoto wako yuko kwenye rangi ya kijani.*

Hakuwa amempima. Vijiti vya kupimia damu viliisha siku kumi na moja zilizopita, na boksi moja la dukani lingemeza mshahara wake wa wiki. Alichojua ni kile alichokiona alfajiri: binti yake wa miaka tisa amesimama mlangoni na shuka lililolowa, uso chini kwa aibu, akisema, "Mama, nina kiu tena." Alikunywa vikombe vitatu bila kupumua. Insulini yenyewe ilikuwa imebaki matone chini ya chupa, na siku ya nne hii alikuwa akimdunga nusu ya kipimo ili isogee sogee.

Ile saba alifundishwa. Vijiti vilipokwisha alikwenda kliniki ya hospitali, na muuguzi, mwanamke mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akamvuta kando. "Vijiti havijaletwa, mama. Lakini usiache wazi. Ukiacha wazi wiki moja, programu ya mradi inakufunga, na ukifungwa hupati tena insulini yao. Andika chochote. Andika saba."

Ndipo akaandika saba. Siku nyingine sita, siku nyingine nane, isije ikaonekana ni uongo.

Saa nne kasoro simu ililia tena, safari hii mlio wa kupigiwa. Alikuwa mwalimu wa darasa. "Mama, njoo. Kidoti ametapika mara mbili, na anapumua kama mtu aliyekimbizwa."

Msimamizi wa dobi hakuinua macho kwenye daftari lake. "Nenda. Ila kesho usiingie hapa bila karatasi ya hospitali."

Alimbeba binti yake mgongoni kama kitoto cha mwaka mmoja. Miguu ya mtoto ilining'inia hadi magotini pa mama. Pumzi iliyompiga shingoni ilikuwa na harufu tamu, ya tunda lililoachwa likachacha, na kila alipomwita mtoto aliitika kwa kuchelewa zaidi.

Hospitalini daktari aliinusa ile pumzi kabla hata ya kuuliza jina. Akaagiza dripu ya maji, muuguzi wa miwani akamtoboa mtoto kidole. Mashine ya sukari haikuleta namba. Ilileta herufi mbili tu.

"Imepita uwezo wa mashine kusoma," alisema daktari. "Anahitaji insulini sasa hivi, si baadaye. Sisi wodini hatuna tangu mwezi uliopita. Iliyopo ni ile ya mradi. Kimbia kwa afisa."

Ofisi ya mradi ilikuwa mwisho wa korido, na ndiyo pekee iliyokuwa na kiyoyozi. Ndani kulikuwa na friji yenye mlango wa kioo, chupa zimepangwa kwa safu, kila moja na karatasi ya namba. Afisa alikuwa kijana wa kumzaa, fulana nyeupe yenye kikatuni kilekile kinachocheka. Alimkaribisha kiti kwa adabu, akaiingiza namba ya mtoto kwenye kompyuta, akatabasamu.

"Mbona huyu anaendelea vizuri? Kijani mwezi mzima. Katika watoto wote wa kliniki hii, wako ndiye wa tatu kwa ubora. Wiki ijayo nilitaka nikupige picha."

"Bosi, mtoto yuko kitandani hajitambui. Daktari amesema insulini."

"Nakuelewa, mama. Lakini friji hii siifungui mimi, inafunguliwa na mfumo. Chupa zinatangulia kwa watoto wekundu. Wako ni wa kijani."

"Amepimwa sasa hivi."

"Vizuri. Amepata ngapi?"

Muuguzi, aliyekuwa amemfuata hadi mlangoni, alionyesha ile mashine. Afisa aliitazama, akaitazama kompyuta, akajikuna kidevu.

"Hizi ni herufi. Hapa panapokea namba tu."

"Andika thelathini na tano," alisema muuguzi.

"Sista, unataka nibuni takwimu?"

Mama Kidoti alimtazama muuguzi, akingoja. Muuguzi alivua miwani, akaanza kuifuta.

Hapo Mama Kidoti akapiga magoti juu ya vigae. "Zile za siku hizi kumi na moja si za kweli, bosi. Vijiti viliisha. Nilizitoa kichwani mwangu. Niliogopa mtanifunga."

"Nani alikwambia uandike hivyo?"

Kiyoyozi kilinguruma. Muuguzi aliendelea kufuta kioo kilekile cha miwani. Mama Kidoti alifikiri kwamba kesho na keshokutwa atamhitaji mwanamke huyu, kwamba hakuna mwingine wodini anayejua hata mtoto wake anaitwaje.

"Hakuna," alisema. "Ni akili yangu."

"Basi umetuletea matatizo makubwa," alisema afisa, bila hasira, kama mtu aliyekuta maji yamemwagika mezani. "Inabidi niwaulize makao makuu. Na saa hizi wako kwenye mkutano."

Alitoka na simu sikioni. Friji ilibaki ikiwaka taa. Mama Kidoti aliuvuta mlango wake, haukucheza. Akarudi wodini mbio.

Muuguzi alimkuta pale, amekishika kichwa cha Kidoti kwa viganja viwili. Bila neno alitoa kwenye mfuko wa koti chupa ndogo iliyofika nusu, akavuta dawa kwenye sindano. Kwenye chupa kulikuwa na namba ya mtoto mwingine.

"Ya nani hii, sista?"

"Haihitaji tena."

"Amepona?"

Muuguzi alikuwa akitazama sindano.

Hadi saa tisa mtoto alikuwa amefumbua macho mara moja, akaomba maji, akazama tena. Daktari alisema kulala huko si kuzuri wala si kubaya, tusubiri. Chupa ilikuwa imekauka. Ndipo afisa akaja hadi kitandani, tableti kwapani.

"Wamejibu. Takwimu zako zimechafua ripoti nzima. Utaratibu ni kumwondoa mtoto kwenye orodha, halafu unaomba upya. Maombi yanafunguliwa robo ijayo."

"Robo ijayo ni lini?"

"Miezi miwili na kitu."

"Na leo jioni atadungwa nini?"

"Hilo ni la hospitali, mama. Mimi ni mradi." Alimsogezea tableti. "Lazima uthibitishe mwenyewe, ni haki yako kisheria. Weka kidole gumba."

Kwenye kioo kikatuni kilikuwa bado kinacheka. *Je, una uhakika unataka kumwondoa mtoto huyu?*

"Nikikataa?"

"Inakuwa kosa la kughushi. Hapo sitaweza kukusaidia."

Aliweka kidole. Tableti ilitetemeka: *Hakijatambuliwa. Jaribu tena.* Akaweka tena. *Jaribu tena.* Miaka ya pasi na sabuni kali ilikuwa imekilainisha kile kidole kama kokoto la mtoni. Kitandani Kidoti alisema kitu ambacho hakikuwa neno, na mama akageuza uso kumtazama.

"Ngoja nikusaidie," alisema afisa. Akaushika mkono wa Mama Kidoti, akalifuta lile gumba kwa pindo la fulana yake, taratibu, hadi likakauka, kisha akaligandamiza tena kwenye kioo.